Sala Inayosikika Ukutani

Vitabu vya ibada ya kila siku hupenda kuanza na mahali. Tafuta kona tulivu, vinashauri. Amka kabla ya wengine, zima simu, fungua Biblia, mwache Mungu aseme. Nimevisoma vingi, vingine vizuri kweli, na karibu vyote vinasomeka kama vimeandikwa na mtu mwenye nyumba. Si lazima iwe kubwa. Mradi ina mlango unaofungwa, na nyuma ya mlango huo hakuna mtu mwingine aliyelala.

Kyebando hatuishi hivyo. Huku ni kaskazini mwa Kampala, divisheni ya Kawempe, jirani na hospitali ya Mulago na soko la Kalerwe. Northern Bypass, ile barabara ya kilomita 21 inayotoka Bweyogerere hadi Busega, ilifunguliwa 2009 na tangu hapo malori hayajalala. Wengi wetu tunapanga muzigo, yaani chumba kimoja katika safu ya vyumba vyenye bati moja. Kuta hazifiki juu. Fundi aliishia pale matofali ya mwenye nyumba yalipoishia, na katika uwazi uliobaki kati ya ukuta na bati, sauti, moshi na harufu ya samaki hupita bila kubisha hodi. Ndani, pazia ndilo linalotenga kitanda na viti. Mwanangu hulala upande ule wa pazia, mimi upande huu.

Ijumaa usiku kuna mkesha katika kanisa la mabati lililo chini yetu, spika zimeelekezwa nje, nadhani ili shetani asikie vizuri. Alfajiri ni adhana. Kabla jua halijatoka huanza bizindaalo, vile vipaza sauti vya mtaa vilivyofungwa juu ya mlingoti, kutangaza mtoto aliyepotea, kitambulisho kilichookotwa, aliyefariki na saa ya mazishi. Mvua ikinyesha usiku, watu wa bondeni Kisalosalo huamka kuinua magodoro, na wakiamka wao tunaamka wote. Katika hali hiyo ndipo unaambiwa utafute kona tulivu.

Mwalimu mwenzangu, tuliyekuwa tukipanga safu moja, alikuwa na jibu lake. Nikijenga, alisema, ndipo nitasali vizuri. Sikumcheka. Mtu anayefanya kazi mchana kutwa na kurudi kwenye chumba cha watu wanne ana haki ya kumdai Mungu ukimya kidogo. Nitamrudia, maana alijenga.

Yesu mwenyewe alisema habari za chumba na mlango. Katika Mathayo sura ya 6 anawaambia watu waingie chumbani, wafunge mlango, wamwombe Baba aliye sirini. Sisi tukiisoma tunaona chumba cha kulala chenye kitasa. Lakini waliokuwa wakimsikiliza walikuwa wavuvi na wakulima wa Galilaya. Nyumba za Kapernaumu zilizofukuliwa na wanaakiolojia ni vyumba vidogo vya mawe meusi vilivyozunguka ua, jamaa kadhaa wakitumia ua huo mmoja kupikia, kusagia na kuanikia. Chumba cha kujifungia katika nyumba za namna hiyo mara nyingi kilikuwa ghala, pale penye mitungi na nafaka. Nikitazama ua wetu, kamba za nguo, majiko ya mkaa, madumu ya njano yaliyopangwa foleni kwenye bomba, sioni tofauti kubwa. Hata Yesu alipotaka kusali peke yake ilimbidi atoke nje giza likiwepo, kwa sababu nyumba ya Petro ilikuwa na mama mkwe, ndugu, na mji mzima mlangoni tangu jioni. Na bado walimfuata. Marko anasema Petro alimkuta na kumwambia kwamba watu wote wanamtafuta. Sala ikakatika, akaenda nao.

Biblia ina watu wengi waliosali bila chumba. Hana alisali Shilo katikati ya wanaohiji, midomo ikitikisika bila sauti, na kuhani Eli akadhani amelewa. Wa karne za baadaye wapo pia. Susanna Wesley, mama yake John Wesley aliyeanzisha Umethodisti, alizaa watoto 19 na kuwalea wale kumi hivi waliopona. Inasimuliwa kwamba alipotaka kusali alijifunika aproni kichwani, na watoto wakajua hapo hapaguswi. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka bibi yangu kule Bukoba, aliyevuta kanga usoni akiwa ameketi palepale jikoni, mguu mmoja umezuia kuku asiingie kwenye unga.

Na hapa Kampala ndio kabisa. Wakristo wa kwanza wa Buganda, wale walioitwa wasomaji, wengi walikuwa vijana wa jumba la kifalme, waliolala pamoja katika nyumba za watumishi ambamo hakuna aliyekuwa na lake. Mmisionari Alexander Mackay alifika mwishoni mwa 1878, mapadre wa kwanza wa Kikatoliki miezi michache baadaye, na kwa kuwa Luganda ilikuwa bado haijaandikiwa vitabu, Injili iliyosomwa mwanzoni katika jumba la Kabaka Mutesa ilikuwa ya Kiswahili. Nawaambia wanafunzi wangu jambo hilo kila wanaponiuliza lugha hii imetoka wapi, maana wazazi wao wanaikumbuka kama lugha ya buti za askari. Mei 1886, Kabaka Mwanga alipokasirika Munyonyo na ilipojulikana wazi kwamba kesho kuna watakaokufa, Charles Lwanga, mkuu wa vijana hao, hakuwapeleka wale wavulana mahali pa faragha. Usiku uleule, humohumo katika boma, aliwabatiza waliokuwa hawajabatizwa, Kizito akiwa mmojawapo. Tarehe 3 Juni walichomwa Namugongo. Kila mwaka tarehe hiyo mahujaji hupita kwa miguu wakitoka Kenya, Tanzania na Kongo, na wengi hukumbuka ule moto. Mimi hukumbuka zaidi ule usiku, na kwamba kulikuwa na mtu aliyejua kwa majina nani bado hajabatizwa.

Maana jambo hilo la kujulikana ndilo lililonifundisha kusali Kyebando, na aliyeniletea somo lenyewe si Mkristo.

Upande wa pili wa ukuta wangu anakaa mama mzee ambaye ua mzima unamwita Jajja. Ni Mnubi, Mwislamu, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha walimu wengi ninaowafahamu. Watu wake walikaa jeshini tangu enzi za wakoloni, na Rais Idi Amin alipoanguka 1979 walilipishwa kwa yale ambayo wengi wao hawakuyatenda. Yeye alikuwa msichana mwenye mtoto mgongoni, wakakimbilia kaskazini hadi Sudan. Hapa uani wapo ambao mpaka leo humsalimia kwa shingo upande. Na kanisani kwetu wapo wazee wanaokumbuka Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa chini ya Amin, na wanaposikia Kinubi barabarani hunyamaza kidogo. Sisemi hayo kwa kuwalaumu. Askofu Festo Kivengere, aliyekimbia nchi baada ya kifo hicho, aliandika mwaka huohuo kitabu ambacho jina lake linasema anampenda Idi Amin, na kila ninapowaza kuhusu kitabu hicho nafikiri ni rahisi kumpenda Amin ukiwa mbali kuliko kumpenda jirani aliyelipishwa deni la Amin na ambaye maji yake ya kufulia yanapita mlangoni kwako.

Asubuhi moja nilitoka kwenda bombani, nikamkuta Jajja amekaa kwenye kigoda chake akichambua mchele. Nikampa shikamoo. Hakuitikia mara moja.

“Mwalimu,” akasema, “leo hukusali. Unaumwa?”

Nikamweleza kwamba mtoto alikuwa na homa usiku, na usingizi ulinichukua alfajiri.

“Nilimsikia anakohoa,” akasema. “Nikangoja yale maneno yako, hayakuja. Nikamwombea mimi.”

Aliyasema kama mtu anayekuambia nimekuanulia nguo zako, mvua ilikuwa inakuja. Kisha akarudi kwenye mchele.

Mimi nilikuwa nikidhani nasali kwa kunong'ona. Kumbe kwa muda wote huo kulikuwa na mtu anayenisikia, anayejua saa yangu, na anayejua nikikosa. Ilinibidi nikae na jambo hilo. Hofu ya kwanza ilitoka palepale Mathayo 6, pale Yesu anapowasema wanaosali kwenye njia panda ili waonekane na watu. Je, mtu akishajua kwamba jirani anamsikia, sala yake haigeuki maonyesho? Nilijaribu kupunguza sauti hadi nikawa nasali kwa kope. Nilijikuta namfikiria Jajja zaidi kuliko Mungu.

Baadaye niliona kwamba jirani wa ukutani na watazamaji wa njia panda si kitu kimoja. Wale wa njia panda walimwona mwenye sala kwa dakika chache, akiwa amevaa vizuri, kisha wakaenda zao. Hawakurudi naye nyumbani. Ukuta wangu haunisikii wakati wa sala tu. Unanisikia ninapomsaidia mtoto hesabu na uvumilivu umeisha. Unanisikia nikizungumza kwa simu juu ya mwalimu mkuu. Unanisikia mwenye duka anapokuja kudai na mimi natafuta maneno. Mwenye watazamaji wa namna hiyo hawezi kuigiza kwa muda mrefu, angetaka asitake. Unafiki unahitaji nafasi kati ya pale unaposalia na pale unapoishi, na muzigo hauna nafasi hiyo. Chumba ni kimoja, na sauti ya alfajiri na sauti ya saa mbili usiku zinapita katika uwazi uleule chini ya bati.

Basi swali la kukua katika kumjua Mungu likanigeukia. Nilikuwa nimefundishwa kulipima kwa urefu wa sala, au kwa sura nilizosoma, au kwa ule moto wa moyoni unaokuja na kuondoka kama upendavyo. Sasa naliuliza kwa namna moja tu: je, umbali kati ya sauti zangu mbili unapungua? Jajja hajui theolojia yetu, lakini swali hilo angeweza kulijibu vizuri kuliko mchungaji wangu.

Nilipofikia hapo ndipo nilipoanza kuuelewa uamsho wa Afrika Mashariki, ambao nilikulia ndani yake bila kuuelewa. Historia yake husimuliwa kuanzia Septemba 1929, kilima cha Namirembe, umbali wa safari fupi ya bodaboda kutoka hapa Kyebando. Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa amechoka hoi kwa kazi ya hospitali ya Gahini, Rwanda, baada ya njaa kuu. Wakasoma Biblia na kusali pamoja kwa siku mbili. Hakuna aliyejenga kitu, hakuna chama kilichosajiliwa. Lakini Mzungu na Mwafrika wa mwaka ule kukaa mezani pamoja na kuambizana kwamba kila mmoja wao amepungukiwa halikuwa jambo la kawaida, na kwa maoni yangu hapo ndipo uzito ulipo, kuliko hata mafundisho waliyoyasoma.

Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikuwa mwalimu kulekule Gahini. Mwaka 1935, kazi ikiwa imemkauka mikononi, inasimuliwa kwamba alijifungia katika nyumba yake ndogo wiki nzima akimtafuta Mungu. Huyo alikipata chumba chenye mlango. Ila wanaosimulia hawasemi sana aliona nini ndani. Wanasema alifanya nini alipotoka. Aliwaendea watu aliowakosea na kuwaomba msamaha, akianzia kwa mkewe na watoto. Baada ya hapo ndipo mahubiri yake yalipoanza kuwashika watu. Januari 1936 alifika Uganda akiwa na ujumbe wa kuiambia sinodi ya Namirembe kwamba kanisa limelala, liamke. Homa ikamchukua kabla hajausema. Neno lake la kuamka, Zukuka, likabaki mdomoni mwa wengine.

Huwa najiuliza mkewe alijisikiaje. Wiki nzima mumeo amejifungia na Mungu, na wewe uko nje na watoto, kuni na maji; halafu mlango unafunguliwa na jambo la kwanza analolileta kutoka kwa Mungu ni kosa lake juu yako. Nadhani mwanamke huyo alijua palepale kwamba sala ilikuwa ya kweli, bila kuhubiriwa.

Uamsho ulivuka hadi kwetu Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930, ukawakuta Walutheri, ukawagawa wengine na kuwaunganisha wengine. Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu na ambaye mwaka 1977, katika mkutano wa Dar es Salaam, alichaguliwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, alikuwa mtoto wa uamsho huo. Bibi yangu vilevile, ingawa yeye hakuchaguliwa kuwa chochote. Kila wiki wapendwa walikutana sebuleni kwake. Mtu alisimama akasema yaliyomsonga, wengine wakamwimbia Tukutendereza, ule wimbo wa Kiganda ulioenda hadi Kenya na Kongo bila kutafsiriwa kiitikio chake, kisha wakanywa chai. Mimi mtoto nilikuwa nikingoja chai. Nilichokuwa sikioni ni kwamba wiki iliyofuata watu walewale walirudi, nao walikuwa wanakumbuka. Aliyesema amemchukia shemeji yake aliulizwa: shemeji hajambo?

Sitaki kuupaka uamsho rangi nzuri kupita kiasi. Ulikuwa na watu wakali. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwa kinara wao, baada ya mvutano uliohusu pamoja na mengine kukutana kwao alfajiri na kuhubiri makosa ya wenzao. Kwa muda mrefu nilikuwa upande wa wanafunzi, maana ndivyo tulivyosimuliwa. Tangu nianze kulala karibu na spika za mkesha, namwelewa mkuu wa chuo pia kidogo. Na maungamo ya hadharani yana hatari zake: wapo walioungama dhambi za wenzao huku wakidhani wanaungama zao, na wapo wanawake walioumizwa kwa siri zilizotolewa mbele ya watu waliokuja kusikiliza tu. Walokole, yaani watu wa uamsho, walisisitiza kutembea nuruni. Bizindaalo navyo hutangaza yaliyofichika, lakini hakuna anayevipelekea dhambi zake, kwa sababu mlingoti hauwezi kukuuliza wiki ijayo unaendeleaje.

Katika safu yetu kulikuwa na kijana fundi wa kuchomelea, mwombaji hodari, mwenye sauti ya kuamsha ua. Alikuwa pia na mdomo mkali kwa mkewe, hasa mwisho wa mwezi, kodi ikikaribia. Sote tulisikia sala, sote tulisikia matusi, na hakuna aliyesema neno. Ustaarabu wa muzigo ni kujifanya hukusikia. Usiku mmoja, baada ya ugomvi mkubwa, kukawa kimya kirefu, kisha tukamsikia anasema kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake: nisamehe. Mke hakujibu. Akarudia. Mtoto wangu, aliyekuwa macho, akaniuliza ni nani anaongea, maana hakuitambua sauti.

Ningependa kusema kwamba tangu hapo nyumba ile ikawa ya amani. Haikuwa hivyo. Mwezi uliofuata kodi ilipanda na wakagombana tena. Lakini sala zake za alfajiri zilibadilika. Zilishuka sauti, zikawa fupi, na mara nyingine alinyamaza katikati, kama mtu aliyefikia sentensi ambayo hawezi kuimaliza kwa uaminifu. Kwangu mimi kunyamaza kule kulikuwa ukuaji mkubwa kuliko makelele ya awali, ingawa kama ungemuuliza yeye mwenyewe labda angekuambia moto wake umepoa. Walihamia Bwaise baadaye. Sijui wanaendeleaje.

Kutoka kwa hayo yote nimepata namna yangu ya kusali, na siidai kuwa kanuni. Sijaribu tena kuzizima sauti za nje ili nimsikie Mungu. Nazipa majina. Anayekohoa ni mlinzi anayerudi kutoka lindo Bukoto, namtaja. Ndoo inayogongwa bombani ni ya binti wa darasa la sita anayeteka maji kabla ya shule, namtaja. Muuguzi wa Mulago anayevua viatu mlangoni ili asiwaamshe watoto, adhana, bodaboda inayokataa kuwaka, wote wanaingia. Zaburi nazo zimejaa watu wa nje: maadui, majirani, rafiki aliyekula naye mkate akamgeuka. Daudi angepewa chumba kisichopitisha sauti, sijui angeandika nini. Baada ya kuwataja, nasoma aya chache tu, kiasi ninachoweza kukibeba kichwani hadi kwenye teksi ya saa moja, na huko ndani, kati ya kondakta na gunia la mtu la karanga, nazitafuna tena.

Zipo siku ambazo hakuna kinachotokea. Siisikii sauti, sihisi ukaribu, naomba kwa kuwa saa imefika na kwa kuwa Jajja atauliza. Zamani za bibi yangu wangesema hiyo ni baridi, itubiwe. Mimi siko tayari kuiita hivyo. Mtu anayesalimiana na mama yake kila asubuhi hasikii msisimko kila asubuhi, na bado salamu hizo ndizo zitakazomfanya ajue, siku sauti ya mama ikibadilika, kwamba kuna jambo.

Na yule mwalimu mwenzangu alijenga. Ana nyumba Najjera, ina geti, ua wa maua, na chumba kimoja kidogo alichokiweka wakfu kwa sala: zulia, kiti, Biblia tatu, dirisha linalotazama mgomba. Alinikaribisha nikione. Ni kizuri, nami nilikionea wivu bila aibu. Tulipomaliza kusali alifunga mlango taratibu, akaniambia jambo ambalo nadhani alikuwa amelishikilia tangu nilipoingia getini. Kwa miezi kadhaa hakuwa ameingia humo, isipokuwa kufagia. Si kwamba ameacha imani. Aliacha siku moja kwa uchovu, ikafuata ya pili, na hakuna aliyejua. “Kule Kyebando,” akasema, “ningeulizwa.”

Hakuniomba ushauri nami sikumpa. Ila tulikubaliana aje kwangu Alhamisi jioni, baada ya shule, tusome na kuambizana ukweli kama walivyofanya bibi zetu, chai ikiwa jikoni. Ameanza kuja. Gari analiacha kwenye kituo cha mafuta, kwa kuwa mvua ikinyesha njia yetu haipitiki, na anashuka kwa miguu akiwa amebeba viatu mkononi. Jajja humsimamisha kila mara pale mlangoni, humpa habari za ua mzima, kisha humuuliza kama huko Najjera nao wana majirani.